Ng'ombe wa Mahari na Nyimbo za Wake: Sanaa ya Wanawake wa Usukuma Kama Sauti ya Uhuru

Historia ya ndoa katika Dutwa, eneo la wakulima wa pamba na wafugaji wilayani Bariadi, ambalo tangu mwaka 2012 limo katika Mkoa wa Simiyu, haielezeki bila kuwataja ng'ombe. Kwa mila ya Wasukuma, bukwi, yaani mahari inayolipwa kwa mifugo, ndiyo iliyoamua watoto ni wa ukoo upi: ilipolipwa, watoto walihesabiwa kuwa wa baba, na isipolipwa walibaki upande wa wazazi wa mama. Hans Cory, mtaalamu wa elimu ya jamii aliyeitumikia serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alizikusanya kanuni hizo katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1953. Ndoa ilipovunjika lilizuka dai la kurudisha ng'ombe, ambao pengine walikwisha kutumika kumlipia mahari kaka wa mke huyo, na kwa hiyo mwanamke aliyeteswa, alipokimbilia kwao, aliwakuta wazazi wenye sababu nzito ya kumrudisha alikotoka.

Kwa kuwa baraza lililosikiliza mashauri hayo lilikuwa la wanaume, mwanamke alihitaji mahali pengine pa kusemea, na mahali hapo palikuwa katika wimbo. Nyimbo za kusaga nafaka, za kutwanga na za kupalilia ziliandamana na kazi ambayo hakuna aliyeweza kumzuia mke kuifanya, na ndani yake uliweza kupenyezwa ulevi wa mume, upendeleo kati ya wake wenza au ukali wa mama mkwe, bila kumtaja mtu kwa jina. Kinga ya mwimbaji ilikuwa katika kiitikio, kwa sababu neno lililoitikiwa na kundi zima halikuwa tena la mtu mmoja, na mume aliyeng'aka alikuwa amejitambulisha mwenyewe mbele ya majirani. Kinga hiyo ilikuwa kubwa zaidi katika ibada za mabasa, yaani mapacha, ambamo wanawake waliruhusiwa kuimba hadharani maneno ya unyumba na matusi ambayo siku nyingine yasingevumilika.

Hata hivyo, si haki kuupamba uhuru huo kupita kiasi. Katika mashindano ya mbina, yaani ngoma, ambayo hufanyika baada ya mavuno kati ya vyama viwili vya Bagika na Bagalu, ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, kwa kawaida alikuwa mwanamume. Isitoshe, katika mikusanyiko ya ngoma na minada ndiko ilikoshamiri chagulaga, desturi ya vijana wa kiume kumzingira msichana na kumshurutisha achague mmoja wao, na kuchagua kwa namna hiyo hakuwezi kuitwa hiari. Uwanja uleule uliompa mwanamke sauti uliweza pia kumnyang'anya.

Kwingineko sauti ya mwanamke ilihifadhiwa: huko Zanzibar, Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba na kufariki mwaka 1950, aliimba taarab kuhusu dhuluma walizotendewa wanawake, na kuanzia mwaka 1928 sauti yake ilirekodiwa katika santuri mjini Bombay. Wake wa Dutwa hawakupata santuri.

Sheria ilifika baadaye. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatamka katika kifungu cha 66 kwamba hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake wa ndoa, na kifungu cha 41 kinaihesabu ndoa kuwa halali hata kama desturi ya mahari haikutimizwa. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Ndipo kazi ileile ambayo wanawake waliiimbia kwenye jiwe la kusagia ikapata thamani mbele ya hakimu.

Katika kipindi hichohicho, kati ya mwaka 1982 na 1983, wasanii wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walishirikiana na wanakijiji wa Malya, wilayani Kwimba, ambako pia ni Usukuma, kutumia ngoma na maigizo kujadili matatizo yao wenyewe, zikiwamo mimba za wasichana wa shule. Mwaka 1996 chuo hicho kilianzisha mradi wa Tuseme, ambao huwawezesha wasichana wa sekondari kuyasema kwa sanaa yale yanayowakwaza. Kwa wasichana wa Usukuma ujasiri huo una mizizi mirefu, kwa kuwa bibi zao waliwatangulia.

Makumbusho ya Bujora, karibu na Mwanza, yamehifadhi ngoma na zana za Wasukuma, na watafiti wamekusanya nyimbo za kazi, lakini watunzi wanaotajwa zaidi ni wanaume. Maofisa utamaduni na walimu wa Bariadi wanapaswa kuzirekodi nyimbo za wanawake wazee wa Dutwa wangali hai, kwa ridhaa yao na kwa majina yao, pamoja na zile chungu ambazo waume hawakupenda kuzisikia.