Pazia la Mvungu: Historia ya Kitambaa na Tatizo la Jina Lake

Miongoni mwa vitu vinavyowatatiza wafasiri wa vitabu vya sayansikimu, na makarani wanaoandika orodha za vifaa vya nyumba za wageni, kimo kile kitambaa kinachozungushwa kitandani, kikaning'inia kutoka usawa wa godoro hadi karibu na sakafu ili kuficha matendegu na vitu vilivyowekwa chini. Wengine hukiita pindo la kitanda, wengine sketi ya kitanda, na wengine hukiruka tu. Katika makala haya tunakusudia kupendekeza jina moja. Lakini kwanza yafaa tuulize kama kitambaa chenyewe kingali na kazi, maana jina la kitu kinachotumika hutafutwa kwa watumiaji wake, na la kitu kisichotumika hubaki kuwa pambo la kamusi.

Asili ya kitambaa hiki, kama tukijuavyo leo, ni vitanda vya wenye uwezo huko Ulaya. Kitanda cha namna hiyo kilikuwa chumba ndani ya chumba: nguzo nne, paa la nguo, mapazia ubavuni na kitambaa cha chini. Nguo zote hizo zilizuia baridi na upepo uliopenya nyumbani, na ile ya chini ilificha chombo cha haja ndogo au kitanda kifupi cha mtumishi kilichosukumwa ndani mchana. Karne ya 19 ilipoleta elimu ya usafi, nguo hizo zilianza kutiliwa shaka. Florence Nightingale, katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859, alimtakia mgonjwa kitanda cha chuma kinachopitisha hewa hadi kwenye godoro, na kitambaa cha chini alikikataa waziwazi.

Katika mwambao wetu mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Kitanda cha Mswahili kilikuwa na majina kamili ya viungo vyake: tendegu, mfumbati, kitakizo, na mchago upande wa kichwa. Biashara ya Bahari ya Hindi ikaleta samadari, na nguo iliyotandwa juu ya kitanda ikaitwa besera. Foronya tuliipata kwa Wareno. Nafasi iliyo chini ya kitanda nayo ilikuwa na jina, tena yenye heshima ya methali: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hiyo ni ushahidi wa historia, kwani yatuonyesha kwamba mvungu ulikuwa ghala la nyumba, mahali pa kuweka sanduku, vyombo na akiba. Hata hivyo, nguo ya kuufunika mvungu huo haikupata jina lililoenea kama besera au foronya.

Sasa tuelekee bara, tupime jambo hili katika Wilaya ya Korogwe. Reli ya kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yakatanda katika nchi tambarare, huku milima ya Usambara ikiwavutia walowezi kwa ubaridi wake. Vugiri iko katika milima hiyo. Mahali pa ukungu na baridi kama hapo, mtu angeweza kutetea kitanda kilichozungushiwa nguo. Lakini akishuka Korogwe mjini, au akivuka kwenda Handeni, hoja ya baridi humwishia njiani, na kinachobaki ni joto, vumbi na wadudu.

Juu ya wadudu, wenyeji wa milima hiyo walikuwa na elimu yao. Robert Koch, daktari wa Kijerumani, alipofanya uchunguzi Usambara mwishoni mwa miaka ya 1890, aliambiwa na watu wa milimani kwamba wakishuka bondeni hupatwa na homa, nao waliiita kwa jina lile lile la mbu. Jina lilikuwa limebeba chanzo cha ugonjwa. Leo twajua kwamba mbu wengi waenezao malaria hupumzika ndani ya nyumba mahali penye giza na utulivu, na mvungu uliofunikwa ni mahali pa namna hiyo hasa. Kadhalika papasi, ambao mwaka 1905 ilithibitishwa kuwa hueneza homa ya vipindi, hujificha katika nyufa za sakafu ya udongo. Nguo inayoburura sakafuni huwa ngazi yao ya kupandia, na kunguni hali kadhalika.

Hapa tulinganishe na chandarua. Neno hili lilitumika kwa nguo yoyote iliyotandwa juu kuwa kivuli. Kisha likapewa kazi ya kumkinga mlalaji na mbu. Mpango wa Hati Punguzo ulipoanza mwaka 2004, neno lilikuwa tayari, likaingia zahanati na madarasani bila kuhitaji tafsiri. Besera, kwa upande wake, imebaki kwa wachache kwa sababu kazi yake imepungua. Kitambaa cha chini hakina kazi ya kinga kama chandarua. Tena humsumbua anayechomeka chandarua chini ya godoro kila jioni.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Katika nyumba yenye sakafu ya udongo, na popote penye mbu wengi, kitambaa hiki hakifai. Kwa kitanda cha kisasa chenye droo hadi chini hakina maana, maana mvungu wenyewe haupo. Kinafaa katika vyumba vya wageni na vya maharusi vyenye sakafu ya saruji au vigae, mradi kiwe kifupi, kifuliwe mara kwa mara, na mvungu ufagiliwe.

Kwa kuwa kingalipo, lazima kitajwe. Hata mwalimu anayewakataza wanafunzi wasikitumie anahitaji jina la kukatazia. Pindo halifai, kwani ni ukingo wa nguo yoyote. Sketi ya kitanda ni tafsiri ya neno kwa neno ya usemi wa kigeni. Besera iko juu, si chini. Tunapendekeza pazia la mvungu, wingi mapazia ya mvungu. Tumechagua mvungu, badala ya uvungu, ili uvungu ubaki na maana yake pana ya uwazi wa ndani ya kitu. Mwalimu ataweza kuandika ubaoni: pazia la mvungu lisiguse sakafu.

Tunawaomba walimu na wafasiri walijaribu jina hili, na pamoja nalo wawafundishe vijana tendegu, mfumbati, kitakizo na mchago. Fundi seremala bado huvitengeneza viungo hivyo kila siku, ila wateja wake wengi huvionyesha kwa kidole tu.