Geesink na Kaminaga: Pambano la Tokyo, 1964

Ukiwatazama watu wawili wakipigana mieleka, mmoja mkubwa na mwingine mdogo, moyo wako aghalabu humwelekea yule mdogo, lakini macho yako yajua kwamba atakayeanguka ni yeye. Mchezo wa judo ulitungwa na mtu aliyekataa kuyaamini macho hayo. Nataka nikusimulie, msomaji, habari zake kwa ufupi, kisha nikupeleke Tokyo siku ya tarehe 23 Oktoba 1964, siku ambayo mafundisho yake yalipimwa mbele ya taifa lake zima.

Jigoro Kano alizaliwa Japani mwaka 1860. Alikuwa kijana mwenye mwili dhaifu, na wenzake wenye nguvu walimwonea. Kwa sababu hiyo akaanza kujifunza jujutsu, mieleka ya kale ya askari wa Kijapani. Yasimuliwa kwamba alipokuwa akijifunza palikuwa na mwenzake mnene ambaye Kano hakuweza kumwangusha kwa njia yoyote. Basi akaenda maktaba, akapekua vitabu vya mieleka ya Wazungu, akaona humo namna ya kujipenyeza chini ya mtu na kumbeba mabegani. Na walipokutana tena, yule mnene akajikuta yuko hewani. (Wanafunzi wangu huipenda sana hadithi hii, ijapokuwa nashuku kwamba wakipendacho ni kule kubwaga mtu, wala si kule kwenda maktaba.)

Mwaka 1882 Kano alifungua chuo chake, Kodokan, katika hekalu la Eishoji mjini Tokyo, akiwa na wanafunzi 9 na ukumbi wa mikeka 12. Aliwafundisha kwamba mwenye akili hashindani na nguvu za mwenziwe, bali huzitumia. Akikusukuma, mvute, akikuvuta, msukume. Mtu aliyepoteza mizani, hata akiwa na uzito wa kilo 100, ni kama gunia lililowekwa ukingoni mwa meza: kidole kimoja chatosha kuliangusha. Kwa hiyo mchezaji wa judo hufanya mambo matatu kwa mfuatano. Kwanza humvunjia mwenzake mizani, pili huingia mahali pake, na tatu humwangusha. Asiyelifanya la kwanza hubeba uzito mtupu, naye huchoka upesi.

Kwa kuwa waliamini hivyo, Wajapani hawakuona haja ya kuwagawa wachezaji kwa uzito. Mashindano ya kwanza ya dunia yalipofanyika Tokyo mwaka 1956, mwembamba na mnene waliingia uwanja mmoja, na Mjapani akashinda. Mwaka 1958 ikawa vivyo hivyo. Lakini mwaka 1961, katika mashindano ya Paris, bingwa wa dunia Koji Sone alishindwa na Mholanzi mmoja aitwaye Anton Geesink.

Geesink alizaliwa Utrecht mwaka 1934, na katika ujana wake alifanya kazi ya ujenzi. Kimo chake kilikuwa karibu mita mbili, na uzito wake kilo zipatazo 120. Wengi walisema kwamba alishinda kwa ukubwa wake tu. Usiwasadiki upesi, msomaji. Majitu yalikuwako Ulaya tangu zamani, nayo Wajapani walikuwa wakiyaangusha bila taabu kubwa. Jambo lililomtofautisha Geesink ni kwamba alisafiri mpaka Japani, akafanya mazoezi katika Chuo Kikuu cha Tenri pamoja na vijana wa huko, akakubali kuangushwa mbele ya wenyeji hata akazijua njia zao zote. Huo ndio mpango wa vita ninaouona mkubwa kupita yote: alikwenda kujifunza katika nyumba ya wale aliokusudia kuwashinda, nao, kwa heshima ya mchezo wao, hawakumfungia mlango.

Mwaka 1964 Michezo ya Olimpiki ilifanyika Tokyo, na judo ikaingizwa kwa mara ya kwanza. Ilikuwa ndiyo Michezo ile ile ambamo Wilson Kiprugut, tarehe 16 Oktoba, aliipatia Kenya medali yake ya kwanza, ya shaba, katika mbio za mita 800, miezi 10 tu baada ya uhuru wetu. Wajapani walikuwa wamejenga ukumbi mpya, Nippon Budokan, kwa ajili ya judo. Safari hii wachezaji waligawanywa kwa uzito katika makundi matatu, na kundi la nne likaachwa wazi kwa mtu wa uzito wowote. Katika siku tatu za mwanzo Nakatani, Okano na Inokuma walitwaa medali za dhahabu, wote Wajapani. Ikabaki siku ya nne. Na hapo twaweza kusema kwamba medali zile tatu hazikuwa na uzito mkubwa machoni pa wenyeji, maana swali la Kano, kwamba je, mdogo aweza kumshinda mkubwa, lilikuwa katika kundi lile la wazi.

Aliyechaguliwa kulijibu ni Akio Kaminaga. Yeye mwenyewe hakuwa mtu mdogo, kwani alizidi kilo 100, lakini mbele ya Geesink alionekana kama kijana mbele ya baba yake. Tena alikuwa amekwisha kushindwa naye Paris mwaka 1961, na siku hiyo hiyo ya Tokyo walipokutana katika duru za mwanzo alishindwa tena. Akapigana na wengine mpaka akaifikia fainali.

Nimeitazama filamu ya pambano lile mara nyingi. Kwa muda mrefu hutaona jambo kubwa. Geesink amelishika koti la mwenzake, mikono yake mirefu ikimweka mbali, naye hana haraka. Kaminaga apaswa kuingia chini ya mikono ile ili ambebe au ampige ngwara, na kila mara aingiapo humpa mgongo mtu mzito kuliko yeye. Hiyo ndiyo shida yake yote. Asiposhambulia, hawezi kushinda. Akishambulia kabla ya kuvunja mizani ya yule jitu, amejitia mtegoni. Nadhani Geesink alilijua hilo, akaamua kungoja. Katika dakika ya tisa, Kaminaga akaingia kwa nguvu zake zote. Geesink hakuanguka. Walishuka chini pamoja, na mara Mholanzi akamlalia kifuani, mkono mmoja ukimkumbatia shingo, kwa mbano ambao Wajapani huuita kesa-gatame. Kwa kanuni za wakati ule, ukimbana mtu hivyo kwa sekunde 30 umepata ushindi kamili. Siku hizi ni sekunde 20. Kaminaga alifurukuta, akajaribu kujipinda, lakini uzito haukuondoka. Kengele ikalia. Dakika 9 na sekunde 22 zilikuwa zimepita tangu waanze.

Ukumbi ulinyamaza, na wengine wakalia. Waholanzi waliokuwako wakaruka kwa furaha, wakataka kuukimbilia mkeka ili wambebe bingwa wao. Geesink, kabla hata hajafurahi, aliinua mkono akawazuia wasiukanyage. Kisha akarudi mahali pake, akaweka vazi lake sawa, akamwinamia Kaminaga kama desturi itakavyo. Wajapani wengi waliokuwa tayari kumchukia hawakumchukia tena.

Tangu wakati huo makundi ya uzito yamedumu katika mashindano makubwa ya judo, nayo yameongezeka. Judo haikuwamo katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, lakini ilirudi Munich mwaka 1972. Huko Wajapani walitwaa dhahabu katika makundi matatu mepesi. Katika matatu mazito hawakupata hata moja. Mawili kati ya hayo, likiwamo lile la wazi, yalichukuliwa na Mholanzi mwingine, Wim Ruska.