Mchepuko kwenye Taya

Neno lililonitoa jasho wiki nzima ni usahihi. Nilikuwa natafsiri maandishi ya madaktari wa meno juu ya kiolezo cha upasuaji: kibao cha plastiki kinachochongwa au kuchapwa kwa mwongozo wa kompyuta kutokana na eksirei ya pande tatu, kisha kikavikwa juu ya meno ili kekee ipite kwenye pete ya chuma na kutoboa taya pale palipopangwa kuwekwa kipandikizi, ile skrubu ya kubeba jino bandia.

Kiolezo hakikunisumbua, fundi cherehani anacho. Kipandikizi kimetoka bustanini, na kimekuja na kitenzi chake. Mkulima husema mche umeshika. Per-Ingvar Brånemark alipoweka skrubu za titani kwenye taya la mgonjwa huko Gothenburg mwaka 1965, alichongojea ni hicho hicho: mfupa ushike.

Lakini usahihi! Kwetu sahihi ni pia ile unayotia chini ya barua, na haina nusu: ni yako au si yako. Madaktari hawaupimi usahihi, wanapima kosa. Uchambuzi wa mwaka 2018 uliojumlisha tafiti nyingi ulipata wastani wa milimita 1.2 mdomoni mwa tundu, 1.4 kwenye ncha, na nyuzi 3.5 za kuinama. Ndiyo maana huacha kama milimita 2 kabla ya neva ya taya la chini. Ikiguswa, mdomo hufa ganzi.

Sasa hizo milimita ziitwe nani? Mkengeuko unanuka dhambi. Mchepuko ndio hasa, kwa kuwa kuchepuka ni kuacha njia iliyochorwa. Ila Dar es Salaam mchepuko ana chumba cha kupanga na namba iliyohifadhiwa kwa jina la fundi bomba.

Chanzo kimojawapo cha kosa, gereji wana neno lake tayari: inacheza. Kekee haiwezi kuzunguka ndani ya pete isiyoachia upenyo, na upenyo ukiwapo, kekee inacheza. Na kiolezo chenyewe kikikaa juu ya ufizi mtupu badala ya meno, nacho kinacheza, maana ufizi ni laini.

Nimeuacha mchepuko ulivyo. Mhariri ameuzungushia duara jekundu, pembeni hajaandika kitu.