Amri Hutoka Kampala, Mpira Huchezwa Ngarama

Historia ya sera za michezo na mazoezi ya mwili nchini Uganda ni historia ya ngazi. Atakaye kuielewa na asimame Ngarama, gombolola ya wilaya ya Isingiro katika eneo la makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kisha atazame juu.

Mwaka 1964, miaka miwili baada ya uhuru, iliwekwa sheria ya Baraza la Taifa la Michezo. Macho ya taifa yalielekea mashindanoni, na sifa ilipatikana: mwaka 1972 John Akii-Bua alitwaa dhahabu ya mita 400 kuruka viunzi huko Munich. Hata hivyo, medali ya mmoja haiwi afya ya wengi.

Katiba ya 1995 na Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 ziligatua madaraka, na shule za msingi zikawekwa chini ya wilaya. Wizara ya Elimu na Michezo ilipotoa sera ya elimu ya viungo na michezo mwaka 2004, utekelezaji wake ulikuwa tayari umo mikononi mwa wengine. Baadaye Isingiro ilimegwa kutoka Mbarara, nayo ikaurithi mzigo huo ingali changa.

Nakivale ina ngazi ya ziada. Makazi hayo yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950, yakapokea wakimbizi kutoka Rwanda. Leo wamo pia Wakongo, Warundi na Wasomali. Ofisi ya Waziri Mkuu ndiyo inayoyasimamia, ikishirikiana na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi. Basi, anayetaka kutenga kiwanja hukuta kuwa ardhi ina msimamizi wake, shule ina wake, na afya ina wake. Wahenga walisema: manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliweka shabaha ya kupunguza ukosefu wa mazoezi kwa asilimia 15 ifikapo 2030, na mwezi Julai Uganda ikaadhimisha Siku ya Taifa ya Mazoezi ya Mwili. Mwaka 2023 sheria mpya ya michezo ilichukua nafasi ya ile ya 1964. Juu, basi, maneno hayakosekani.

Sisi walimu wa Kiswahili tunalijua jambo hili. Mtaala wa sekondari wa mwaka 2020 ulilifanya somo letu kuwa la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, sambamba na elimu ya viungo. Masomo haya mawili yanahitaji kitu kimoja: mwalimu aliyeandaliwa na saa isiyoporwa na masomo mengine. Kwa hiyo wizara, wilaya na wasimamizi wa makazi hawana budi kuketi pamoja na halmashauri ya gombolola, wakubaliane nani atatoa ardhi, nani mwalimu, na nani mpira. Pasipo makubaliano hayo, mtoto wa Ngarama, awe mwenyeji au mkimbizi, ataendelea kuisikia sera redioni tu.