Mipangilio ya ruta na hatari ya stima kupotea

RUTA ndicho kifaa kinachoziunganisha tarakilishi za ofisi, shule au hospitali na mtandao wa nje. Stima inapopotea na kurejea, kifaa hiki huanza kazi upya, na namna kitakavyoamka hutegemea maagizo yaliyohifadhiwa ndani yake mapema.

Ruta za Cisco, kampuni ya Marekani iliyoasisiwa mwaka wa 1984, zinazotumia programu endeshi ya IOS, huwa na hifadhi za aina nne. ROM hubeba programu ndogo ya kukiamsha kifaa. Flashi hubeba programu endeshi yenyewe. NVRAM hutunza mipangilio ya kuanzia, nayo haifutiki stima ikikatika. RAM hubeba mipangilio inayotumika wakati huo, nayo hufutika yote.

Hapo ndipo wengi hukwama. Fundi anapobadilisha anwani au nywila, mabadiliko hushika papo hapo kwa kuwa yameandikwa katika RAM. Asipotoa amri ya "copy running-config startup-config", yatatoweka ruta itakapozimika. Mali bila daftari, wahenga walinena, hupotea bila habari.

Jambo la pili ni programu ya kupakiwa. Amri ya "boot system flash", ikifuatwa na jina la faili, huitaja programu hiyo. Amri hizo zaweza kuwa kadhaa, na ruta huzifuata kwa mpangilio wake: ikishindwa na ya kwanza, hujaribu ya pili. Amri mpya huongezwa mwishoni mwa orodha. Kwa hivyo anayetaka faili mpya itangulie sharti aifute orodha ya zamani kwanza, aiandike upya, kisha ahifadhi.

La tatu ni rejista ya mipangilio, nambari inayoelekeza hatua za kuamka. Thamani ya kawaida ni 0x2102. Tarakimu ya mwisho ikiwa 0, ruta husimama katika programu ya ROM bila kupakia IOS. Thamani ya 0x2142 huiamuru ruta ipuuze mipangilio iliyo katika NVRAM, na mafundi huitumia nywila inaposahaulika.

Hatari ni kutoirejesha thamani ya kawaida baada ya kazi hiyo. Ruta itahudumu kwa miezi bila dalili yoyote, lakini siku stima itakapopotea itaamka tupu, na ofisi nzima itakatika mtandaoni.

Hilo likitokea, usihifadhi chochote kwa pupa, kwani mipangilio ya zamani ingali katika NVRAM na utaifuta. Likatae pendekezo la kuanza kupanga upya, kisha toa amri ya "copy startup-config running-config". Ziwashe bandari kwa "no shutdown", rudisha rejista kwa "config-register 0x2102", ndipo uhifadhi.

Kabla ya kuzima ruta yoyote, toa amri ya "show version". Mstari wake wa mwisho huonyesha thamani ya rejista, pamoja na ile itakayotumika kifaa kikiamka tena iwapo imebadilishwa. Aidha, weka nakala ya mipangilio katika tarakilishi nyingine, kwani ruta yenyewe yaweza kuungua.