«Alleged», «so-called»: maneno ya Kiingereza yanayotia shaka kwenye jina

Habari nyingi juu ya Kivu na Ituri zinatoka kwanza kwa Kiingereza, kisha zinatafsiriwa haraka-haraka na kutumwa kwa WhatsApp. Njiani neno moja dogo linapotea: lile linaloonyesha kama muandishi mwenyewe hahakikishi jina analolitaja. Likipotea, mutu aliyeshitakiwa tu anageuka muuaji.

«Alleged». Kuko aliyesema jambo, lakini halijahakikishwa. Kwa Kifaransa mara nyingi ni «présumé». Kwa Kiswahili «anayedaiwa kuwa» ao «anayeshitakiwa kuwa». «Suspected» iko karibu nayo: ni «anayeshukiwa».

«So-called». Iko na maana mbili. Mara ingine ni «kinachoitwa hivyo» tu. Mara ingine ni «eti». BBC inaitanguliza mbele ya jina Islamic State, juu dola ni jina ambalo kundi lile lilijipa lenyewe. Ni kundi hilo ambalo, tangu 2019, linajitangaza kwa mashambulizi ya ADF upande wa Beni.

«Self-styled» na «self-proclaimed». Mwenyewe alijipa cheo, sawa vile «soi-disant». «Self-styled general» ni mutu anayejiita jenerali.

«Purported». Inafuata sana barua, picha na video: inasemekana zimetoka kwa fulani, lakini hakuna aliyehakikisha.

Katika gazeti, alama za kufungua na kufunga maneno zinaweza kufanya kazi hiyo hiyo. Kwenye redio alama hazisikilikane, ndiyo maana musomaji wa habari anapashwa kutamka neno lenyewe.

Kosa kubwa ni kutafsiri «alleged» kwa «eti». «Eti» inachekelea: inasema hatuamini. «Alleged» haisemi kama jambo ni la uongo, wala kama ni la kweli. Inangojea ushuhuda.

Kesi mbili za Ituri zinaonyesha tofauti. Thomas Lubanga na Mathieu Ngudjolo walifikishwa mbele ya mahakama ya CPI, huko La Haye. Mbele ya hukumu, neno hili liliwafaa wote wawili. Tarehe 14 Machi 2012, Lubanga alipatikana na hatia ya kuingiza watoto katika kundi la wapiganaji na kuwatumia vitani: juu ya makosa hayo, neno halikumufaa tena. Tarehe 18 Desemba 2012, Ngudjolo aliachiliwa bila hatia. Yeyote aliyeondoa neno lile wakati wa kutafsiri alikuwa amekwisha kumuhukumu mbele ya waamuzi.

Mbele ya kutuma habari ya namna hiyo, yafaa kuuliza: nani alimupa mutu huyu jina hilo, na nani amelihakikisha? Kama jibu halionekane, neno la shaka libaki pale pale lilipokuwa.