Makosa sifuri: kosa la sheli lenye asili ya 1973

Leo naungama kwanza, historia baadaye.

Mama mmoja mpiga picha hapa Mji wa Kale aliniomba nimwandikie skripti ya kunakili picha za harusi kutoka kadi ya kamera na, kama hakuna kosa, kuifuta kadi. Kiini chake kilikuwa hiki:

makosa=0
ls | while read picha; do
  cp "$picha" /nakala || makosa=$((makosa+1))
done
echo $makosa

Siku moja diski ikajaa katikati ya kazi. Skripti ikaandika 0, kadi ikafutwa. "Mwanangu, si umesema ikikosea itahesabu?" Nilikosa la kujibu. Baadhi ya picha za kupamba tuliziokoa, nyingine hazikurudi.

Sasa historia. Mwaka 1973, katika maabara ya Bell kule New Jersey, Ken Thompson aliiwekea Unix paipu (ile alama |), wazo ambalo Doug McIlroy alilipigia debe kwa miaka mingi. Kila upande wa paipu ukawa mchakato unaojitegemea. Mwaka 1979 Unix toleo la 7 likaja na sheli ya Stephen Bourne, yenye vigeu na vitanzi. Na sheria ya Unix ni kwamba mchakato mtoto hupewa nakala ya vigeu vya mzazi wake. Ni kama kumtuma mtoto Marikiti na nakala ya orodha yako: aandike atakacho, karatasi iliyobaki nyumbani haibadiliki.

Basi kitanzi changu kilikuwa mtoto. Kilihesabu makosa vizuri kabisa, kikafa na hesabu yake. Mzazi alibaki na 0.

Mbona sikuligundua mapema? David Korn, pia wa Bell, aliamua sheli yake ya 1983 iendeshe sehemu ya mwisho ya paipu ndani ya mzazi. Zsh hufanya hivyo pia. Bash, aliyoitoa Brian Fox mwaka 1989, hufuata njia ya Bourne, na kiwango cha POSIX kinaruhusu zote mbili. Mimi nilijaribu mistari hiyo kwenye dirisha la zsh, ikahesabu sawasawa. Skripti yenyewe iliendeshwa na bash.

Dawa ni kuondoa paipu: andika kwanza ls > /tmp/orodha, halafu malizia kitanzi kwa done < /tmp/orodha. Ukiwa na bash 4.2 ya mwaka 2011 au mpya zaidi, shopt -s lastpipe nayo inafaa ndani ya skripti.

Lakini bash haikukosea, ilitii uamuzi mkongwe kuliko mimi. Aliyekosea ni mimi: niliijaribu skripti ikifaulu tu, sikuijaribu ikishindwa. Siku hizi kabla ya kufuta chochote najaza diski makusudi, nione kama itaniambia ukweli.